Namba ya kwanza ina mwenyewe

Ripota aliye kwenye mapigano akipiga simu, salamu huwa nusu na namba hutangulia hata jina la mahali. "Bosi, wamekufa arobaini." Nimehariri habari za migogoro kwa miaka mingi, na jibu langu ni lile lile: nani kakwambia?

Si kwamba namtilia shaka. Ila palipo na vita namba ya kwanza haikosi mwenyewe. Kamanda hupunguza maiti za kwake na kuongeza za adui. Msemaji wa wapiganaji naye vivyo hivyo, kwa faida ya upande wake. Mkazi aliyenusurika hana hila yoyote, lakini usiku kucha alikuwa uvunguni mwa kitanda. Alisikia milio tu. Hiyo arobaini kaipata asubuhi kwa jirani, na jirani kaipata kwenye kundi la WhatsApp, ambako iliwekwa na yule yule msemaji. Ukihoji watu watatu ukapata arobaini mara tatu, huenda umehoji mtu mmoja aliyebadilisha nguo.

Siku moja ya namna hiyo nilimwomba ripota aende mochwari. Nesi wa zamu alikuwa na daftari la miili inayopokelewa: majina 17, halafu mistari minne iliyosema "mwanamume, hajatambuliwa". Jumla 21. Tungeweza kuishia hapo. Lakini alipokuwa akinisomea mstari kwa mstari kwenye simu, nesi akamkatiza: miili miwili kati ya ile isiyotambuliwa, ndugu walifika jioni wakaitambua, ikaandikwa upya kwa majina, na mistari ya mwanzo haikufutwa. Kwa hiyo 19.

Tulitangaza "watu wasiopungua 19, kwa mujibu wa kumbukumbu za hospitali". Hilo "wasiopungua" si pambo. Daftari halimwoni aliyezikwa kijijini alfajiri ile ile, wala aliyebaki porini. Wenzetu walikuwa na 40 hewani saa mbili kabla yetu, na mkubwa wangu alinipigia kuuliza kama tumelala. Labda walikuwa 40 kweli. Siku ile hakuna aliyekuwa amewahesabu.

Kwa asiye wa kazi hii tofauti hiyo ni nongwa ya wahariri. Lakini mgogoro ukiwa kati ya majirani, namba iliyosomwa redioni huingia kwenye daftari jingine, lile la visasi: wao wametuua arobaini, sisi je? Kila anayefundisha kazi hii hutaja RTLM, redio ya Rwanda ya wakati wa mauaji ya kimbari, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1993 na mwaka uliofuata ikawa inataja majina ya watu wa kuuawa na mahali walipojificha. Desemba 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa ikiketi Arusha, iliwatia hatiani waasisi wake wawili, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura, Hassan Ngeze. Rufaa ya 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza adhabu, hatia ikabaki. Wale walichochea kwa makusudi, na siwalinganishi na ripota aliyekosea hesabu. Ninachochukua kwao ni kitu kidogo: wapo wanaosikiliza taarifa ya habari ili wajue waende wapi usiku.

Lugha yetu nayo ina mitego yake. "Inadaiwa" na "inasemekana" ni maneno ya kumficha mdai, nami huyakata bila huruma: nani anadai? "Kupoteza maisha" nalichukia zaidi. Mtu aliyepigwa risasi mgongoni akikimbia hakupoteza maisha kana kwamba yalimdondoka mfukoni. Aliuawa. Tukijua nani kamuua tunataja, tukiwa hatujui tunasema hatujui, lakini hatumfanyi afariki kama mgonjwa wa kitandani. Na "magaidi", "mashujaa", "wahuni", hayo tunawaachia wenyewe, ndani ya alama za kunukuu.

Kuhusu usalama nitasema machache, maana kuna wanaolifundisha vizuri kuliko mimi. Ibara ya 79 ya Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza ya Mikataba ya Geneva, ya mwaka 1977, inamhesabu mwandishi wa habari kuwa raia, mradi asifanye jambo linalovunja hadhi hiyo. Kwa hiyo ripota wangu hashiki bunduki, hata kwa kupiga picha ya utani kambini. Fulana ya kuzuia risasi haifuniki mapaja. Mpiga picha Tim Hetherington alijeruhiwa mguuni na kombora Misrata, Libya, Aprili 2011, akavuja damu mpaka akafa. Rafiki yake Sebastian Junger baadaye alianzisha mafunzo ya huduma ya kwanza kwa waandishi wa kujitegemea. Mimi simtumi mtu ambaye hajawahi kufunga mkanda wa kuzuia damu kwa mkono mmoja, tena gizani.

Ripota huondoka. Dereva, mkalimani na aliyezungumza naye hubaki. Rasimu yetu ya kwanza siku ile ilisema "kwa mujibu wa muuguzi wa zamu ya usiku". Sentensi safi kabisa, yenye chanzo. Nikauliza hospitali ile ina wauguzi wangapi usiku. Mmoja. Tukabadilisha ikawa "daftari la mochwari", na hapo ripota mwenyewe akanikumbusha kwamba ufunguo wa mochwari anao yule yule. Ndipo tukaishia kwenye "kumbukumbu za hospitali", maneno mapana yasiyo na utamu wowote.

Alikuwa pia ametuma picha ya ukurasa wa daftari. Dawati la mtandao waliitaka sana, na niliwaelewa: ushahidi ule, kwa mwandiko wa kalamu ya bluu. Niliifungua kwenye kompyuta nikaikuza. Faili lilikuwa limebeba saa na mahali ilipopigwa, hayo yanafutika. Lakini pembeni mwa ukurasa, kikiushikilia usipeperuke, palikuwa na kidole gumba chenye pete.

Hatukuitumia.