Acheni kusingizia udogo wa mwili: mapigo ya moyo ya wasichana na wavulana

Nimemaliza kusahihisha rundo jingine la ripoti za maabara za mwaka wa kwanza, na sentensi ni ileile: "Wasichana wana mapigo mengi kuliko wavulana kwa sababu miili yao ni midogo." Imeandikwa bila wasiwasi wowote, kama vile hakuna cha kujadili. Wengine wameambatanisha na grafu. Hiyo grafu ndiyo inayoniudhi kuliko yote, nitaifikia.

Kwanza niwamalize walioandika kwamba wasichana wana "woga" au "moyo dhaifu". Wapo, tena kila mwaka. Kama ni woga, tungetarajia breki ya neva ya vagasi, ile inayopunguza kasi ya moyo, iwe imelegea. Koenig na Thayer walichapisha mwaka 2016 uchambuzi uliojumuisha tafiti nyingi za watu wenye afya, na waliyoyakuta ni kinyume: mapigo ya wanawake yako juu kidogo, na wakati huohuo dalili za kazi ya vagasi kwao ni kubwa kuliko kwa wanaume. Yaani breki imekanyagwa zaidi na bado moyo unakwenda haraka zaidi. Woga haufanyi hivyo. Tuendelee.

Tofauti yenyewe ipo, sibishi. Ni mapigo machache kwa dakika, na wastani wa pande zote mbili umo ndani ya 60 hadi 100, kiwango cha kawaida cha mtu mzima aliyepumzika. Tuseme ni 4, na mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi watu wanavyotawanyika kuzunguka wastani, ni 10 kila upande. Ukiokota msichana mmoja na mvulana mmoja bila kuchagua, msichana atakuwa na mapigo mengi zaidi kama mara 61 katika 100. Kwa kurusha shilingi ungepata 50. Kwa hiyo yule aliyeandika "mapigo 78, hivyo mhusika ni mwanamke" (ndiyo, yupo) aende akafungue duka la ramli.

Na ili uione tofauti ya mapigo 4 kwa uhakika wa kawaida, yaani nguvu ya asilimia 80 (nafasi ya kuiona tofauti kama ipo) na kiwango cha 0.05 (nafasi ya kudanganyika kama haipo), unahitaji kama watu 100 kila upande. Darasa letu halifiki hata nusu. Kuna data maarufu ya kufundishia takwimu aliyoichapisha Shoemaker mwaka 1996, yenye watu 130, nusu wanaume na nusu wanawake. Wastani wa mapigo ni 73.4 kwa wanaume na 74.2 kwa wanawake. Hiyo si tofauti ya kumnyima mtu usingizi. Kwa hiyo darasa lenu lisipoona kitu, msiipike data ili muone. Andikeni "hatukuona", alama mtapata.

Sasa udogo wa mwili.

Hoja inayotolewa ni hii: mwili mdogo, moyo mdogo, moyo mdogo unasukuma damu kidogo kwa kila pigo, kwa hiyo lazima upige mara nyingi. Inasikika vizuri. Lakini mwili mdogo pia unahitaji damu kidogo! Mmepunguza pampu mkasahau kupunguza shamba. Kama moyo na mahitaji vinapungua kwa kiwango kilekile, vinafutana, na mapigo yanabaki palepale. Ili udogo uongeze mapigo, lazima uonyeshe kwamba mahitaji hayapungui kwa kasi ileile ambayo moyo unapungua. Hakuna ripoti hata moja iliyogusa hapo.

Hapo ndipo mwanafunzi mmoja mjanja aliponyoosha mkono: "Lakini Dokta, panya na tembo?" Swali zuri, na nilifurahi. Moyo wa panya unapiga zaidi ya mara 500 kwa dakika, wa tembo kama 30. Sababu inajulikana: kwa mamalia, moyo ni takriban asilimia 0.6 ya uzito wa mwili, awe mdogo awe mkubwa, lakini matumizi ya nishati hayapandi sambamba na uzito. Mtafiti Kleiber alionyesha mwaka 1932 kwamba yanapanda kama uzito uliopewa kipeo cha karibu robo tatu, yaani polepole kuliko uzito wenyewe. Moyo unafuata uzito, mahitaji yanabaki nyuma, kwa hiyo uzito ukipanda, mapigo yanashuka kwa kipeo cha robo moja. Hapo hesabu imefungwa vizuri.

Haya, tuipeleke darasani. Mvulana wa kilo 70 mwenye mapigo 68, msichana wa kilo 60. Kanuni inampa msichana mapigo kama 71. Nikaona macho yanang'aa: "Si umeona Dokta, imekubali!" Haijakubali. Kanuni ile ni mstari uliochorwa kuanzia wanyama wa gramu chache hadi wa tani kadhaa, na ndani ya spishi moja, kati ya kilo 60 na 70, mambo mengine yanaufunika kabisa. Kijana mwembamba asiyefanya mazoezi yoyote anaweza kuwa na 84, na mwenzake mkubwa anayekimbia kila siku akawa na 50. Mtu aliyeongezeka uzito kwa mafuta, mapigo yake ya mapumziko kwa kawaida hupanda. Kanuni ya panya na tembo inadai yashuke.

Turudi kwenye grafu. Mwanafunzi ameweka uzito chini, mapigo pembeni, nukta za darasa zima kwa rangi moja, kisha mstari unaoteremka kuelekea kulia. Chini yake ameandika: "Uzito ukiongezeka, mapigo hupungua." Nilichukua kalamu nyekundu nikazungushia nukta za wasichana, na ya bluu kwa wavulana. Wekundu wamekusanyika juu kushoto, bluu chini kulia. Ukiwaangalia wavulana peke yao, hakuna mteremko. Wasichana peke yao, walio wazito walikuwa juu kidogo. Mteremko wote ulitokana na kuyaunganisha makundi mawili. Alichokichora ni jinsia, akaiita uzito, kisha akatumia uzito huo kueleza jinsia. Anazunguka mbuyu anarudi palepale, na grafu imepakwa rangi nzuri.

Wale wanaojua kutumia programu ya takwimu ndio wananichosha zaidi, maana wao "wamesawazisha uzito". Wamemlinganisha msichana wa kilo 60 na mvulana wa kilo 60 na kudhani wamelinganisha watu wa ukubwa mmoja. Kwa msichana mwenye mafuta asilimia 25, kilo 45 ni misuli, mifupa, maji na viungo. Kwa mvulana mwenye asilimia 15, ni kilo 51. Kilo 6 zimejificha ndani ya namba moja ya mizani, na moyo unafuata zaidi zile kilo zisizo mafuta. BMI (uzito ukigawanywa kwa kimo cha mraba) haisaidii chochote hapa, kwa sababu nayo imetoka kwenye mizani ileile. Halafu kijana wa kilo 60 katika darasa letu ni mwembamba kuliko wenzake, wakati dada wa kilo 60 ni wa kawaida kabisa miongoni mwa wenzake. Hamkusawazisha kitu. Mmewachagua watu wa aina mbili tofauti.

Basi sababu ni nini? Hapa vitabu vinapita kwa haraka, na ninaelewa kwa nini. Ukizima neva zote mbili za moyo, ya kuongeza kasi na ya kupunguza, kwa dawa za atropini na propranololi, moyo wa kijana wa miaka 20 hupiga kama 107 kwa dakika. Mtafiti Jose alitoa kanuni ya mapigo hayo: 118.1 kutoa 0.57 mara umri. Kwa hiyo hayo 70 mnayoyahesabu mkiwa mmekaa ni mapigo yaliyofungwa breki. Yapo majaribio ambayo baada ya kuzima neva hizo, wanawake bado walikuwa juu ya wanaume. Maana yake sehemu ya tofauti iko kwenye nodi yenyewe inayoanzisha pigo, si kwenye neva, sembuse kwenye mizani. Kwa nini nodi iwe hivyo? Homoni zinatajwa, na mapigo hupanda kidogo katika nusu ya pili ya mzunguko wa hedhi, kwa hiyo si wazo baya. Maelezo kamili yanayoniridhisha bado sijayaona, na silazimishi.

Kuhusu upimaji nitasema machache tu. Karatasi moja ilikuwa na namba hizi: 64, 68, 72, 72, 76, 72, 80. Zote zinagawanyika kwa 4. Mmehesabu kwa sekunde 15 mkazidisha, na pigo moja likikupita umekosea mapigo manne, yaani ukubwa wa tofauti nzima mnayoitafuta! Hesabuni dakika nzima. Hizo 72 nyingi zimetoka kwenye kitabu, si kwenye mkono wa mtu. Vidole vitatu, si kidole gumba. Aliyepanda ngazi akaketi na kupimwa papo hapo hana mapigo ya mapumziko. Na nyinyi wavulana mnaogombania kumshika mkono dada fulani mnayejua wenyewe, mkirudi mnaniambia "wasichana wako juu", sina hakika ni moyo wa nani uliohesabiwa.

Kuna jambo moja ambalo ningependa kuliona kwenye ripoti hata moja tu: damu. Utafiti wa afya na watu Tanzania wa 2015-16 ulikuta takriban asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Hemoglobini, ile inayobeba oksijeni ndani ya damu, ikishuka, kila mililita inabeba oksijeni kidogo, na moyo unafidia kwa kuongeza kasi. Namba nyingi tunazozinukuu zimetoka kwenye nchi ambako tatizo hilo ni dogo kuliko hapa. Inawezekana kabisa kwamba sehemu ya "tofauti ya jinsia" darasani kwetu ni upungufu wa madini chuma, na hatutajua mpaka tupime. Muhula ujao fomu itakuwa na safu ya hemoglobini, tone la damu kidoleni, kwa anayekubali.

Anayekuta 98 baada ya kukaa dakika kumi, ajipime tena asubuhi kabla ya kushuka kitandani. Ikibaki hapohapo, aende kituo cha afya akapimwe damu. Ripoti nitampokelea hata wiki ijayo.