Jua la Dodoma si "sultry"

Mwezi huu peke yake nimelifuta neno hilo la Kiingereza mara tano. Limekuja kwenye kipeperushi cha nyumba ya wageni, kwenye barua ya kijana anayeomba kazi na kueleza mkoa aliokulia, na kwenye insha tatu za wanafunzi wangu wa jioni. Wote wameandika kwamba Dodoma ni "sultry". Ukiuliza kwa nini, jibu ni lile lile: "Mwalimu, si maana yake joto kali?" Hapana. Nimelieleza ubaoni miaka mingi, sasa naliandika. Kila kichwa hapa chini ni dhana potofu ninayoisikia, na chini yake ni jibu langu.

"Sultry" ni joto kali tu

Hili ndilo linaloniumiza kichwa kuliko yote, kwa hiyo nitakaa nalo.

"Sultry" ni joto lenye unyevu, joto la hewa nzito iliyosimama. Kiswahili kina neno lake, tena zuri kabisa: fukuto. Aliyewahi kulala Kariakoo mwezi wa pili, umeme umekatika na feni imenyamaza, analijua bila kufundishwa. Shuka limelowa. Umetoka kuoga sasa hivi na jasho liko pale pale. Dirisha liko wazi lakini hakuna kinachoingia. Huo ndio "a sultry night".

Sasa njoo Dodoma mwezi wa kumi, saa nane mchana, usimame stendi ya Nanenane. Jua linababua, vumbi linapaa, midomo inapasuka, koo limekauka. Lakini jasho liko wapi? Limekauka kabla halijatiririka, limekuachia chumvi nyeupe mgongoni mwa shati. Sogea chini ya mwembe upate kivuli, mara moja unapumua. Mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, tena mbali na bahari yenyewe. Mvua zake ni za msimu mmoja, kwa kawaida Desemba hadi Aprili, na miezi inayobaki hewa ni kavu. Mwili hupoa pale jasho linapokauka. Hewa ikishashiba unyevu, jasho halina pa kwenda, unabaki umelowa na joto lako. Tofauti hiyo ndiyo iliyobebwa ndani ya "sultry", na ukiliandika neno kuhusu mchana wa Oktoba wa Dodoma umemwambia msomaji wa Kiingereza jambo lisilo la kweli.

Kinachonisikitisha ni kwamba tofauti hii watu wanaijua. Watumishi waliohama na wizara kutoka Dar es Salaam kuanzia mwaka 2016, wengi wakikaa darasani kwangu jambo la kwanza wanalosema ni hili: "Mwalimu, joto la huku halinati." Sentensi ya maneno machache, na imesema kila kitu! Kisha mtu huyo huyo nampa kalamu aandike Kiingereza, anaandika "sultry". Ujuzi wake wote kuhusu joto ameuacha kwenye Kiswahili, akavuka mikono mitupu.

Nawalaumu zaidi waliotufundisha kukariri orodha. Upande huu neno, upande ule maana moja: "sultry", joto, "scorching", joto, "sweltering", joto, "muggy", joto. Mtoto anatoka hapo akiamini yote ni sawa, na kwamba lisilo la kawaida ndilo lenye maksi nyingi. Neno halijulikani kwa maana yake peke yake, linajulikana pia kwa wanaotembea nalo. Kila mwanafunzi wangu lazima aandike neno jipya pamoja na wenzake watatu, na asiyefanya hivyo simsahihishii daftari. "Sultry" hutembea na "air", "night", "afternoon", "weather". Halitembei na chai, wala uji, wala pasi.

Kwa jua letu andika "scorching", maana hilo ndilo linalobabua. Andika "dry heat". Ardhi ya Bahi mwezi wa kumi na moja kabla ya mvua iite "parched". "Sweltering" pia ruksa, kwa sababu neno hilo hupima jinsi joto linavyomshinda mtu, halidai kujua kama hewa ina unyevu au haina. Lina na kitenzi chake: "we sweltered in the bus from Kongwa" ni sentensi safi.

Je, Dodoma haiwi "sultry" hata siku moja? Inakuwa. Zipo alasiri chache, mvua za kwanza zikikaribia, mawingu yamejikusanya juu ya vilima, upepo umekufa na mvua inakataa kushuka. Watu wanakaa nje wakijipepea na khanga. Hapo andika "sultry" kwa moyo mweupe. Waingereza wenyewe wanapenda kulitumia kwa saa kama hiyo, kabla ya radi.

Nikisikia joto naweza kusema "I am sultry"

Usithubutu. Neno hili likihamia kwa mtu linaingia kwenye mahaba. "A sultry look" ni jicho la kurembua. "A sultry voice" ni sauti nzito ya chini, ya kubembeleza na kuvuta. Binti mmoja alilisema tukiwa kwenye mazoezi ya usaili, akiomba feni iwashwe. Nilimsimamisha nikamweleza pembeni, na alikaribia kulia kwa aibu. Nilishukuru kwamba lilimtoka mbele yangu na si mbele ya wasaili.

Sema "I feel hot". Hata "I am hot" ina maana ya pili ya kimwili, ingawa muktadha kwa kawaida huiokoa. Na tafadhali, "I am hearing hot" tuachane nayo. Sisi tunasikia joto, tunasikia baridi, tunasikia njaa. Kiingereza kwa sikio husikia sauti tu.

Linatokana na sultani

Halitokani. Limezaliwa na kitenzi cha zamani, "sulter", ambacho ni ndugu wa "swelter", na ukoo wote unarudi kwenye kitenzi cha Kiingereza cha kale, "sweltan", yaani kufa. Sisi nasi tunasema "tunakufa na joto". "Sultry" lilianza kuandikwa mwishoni mwa karne ya 16, na Shakespeare alilitia kwenye Hamlet karibu na mwaka 1600, likiwa bado neno la hali ya hewa. Na kwa kuwa halina usultani, usilitamke kama sultani: mwanzo wake unakaribia "sal", irabu ile ile ya "cup".

"Muggy" ni mambo ya kikombe

Limefanana tu na "mug". Asili yake ni neno la watu wa kaskazini mwa Ulaya la manyunyu na ukungu. Ni fukuto pia, lakini fukuto la mazungumzo ya kila siku, la kulalamikia kwenye foleni. Halina mahaba ndani yake. Aliye Dar na anaogopa "sultry" atumie hili.

"It's close today" maana yake kuna kitu kiko karibu

Au kimefungwa, wananiambia wengine. Mwingereza akisema hivyo huku anafungua kifungo cha shati, anasema hewa ni nzito, haipiti. Likiwa na maana hiyo linatamkwa kwa "s", si kwa "z" ya kufunga mlango.

Kipeperushi cha nyumba ya wageni tulikimaliza Ijumaa. Mahali palipokuwa na "sultry weather all year round" tuliandika "dry, sunny days and cool nights". Mzee mwenye nyumba alisoma, akavua miwani, akaniuliza: "Mwalimu, mbona maneno yenyewe mepesi hivi?" Nikamwambia, "Mzee wangu, mgeni wako akifika mwezi wa saba atakuwa na sweta kwenye begi." Akachukua kalamu, akaongeza mwenyewe mstari kwamba kila chumba kina blanketi.