Kipindupindu nacho ni cha asili

Jumanne saa saba mchana nilikutana na mama mmoja kwenye ngazi za wodi, kapu mkononi, vumbi la Kondoa bado liko kwenye viatu. Ndani ya kapu kulikuwa na chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyojaa maziwa yaliyokamuliwa saa kumi na moja alfajiri, na chupa ya pili ya juisi mbichi ya bitiruti, karoti na majani ya mchicha. Mdogo wake alikuwa siku ya tisa tangu atundikiwe dripu ya kemo, dawa ya saratani. Nikamuuliza kama maziwa yamechemshwa. Akanitazama kama nimemtukania ng'ombe.

"Dada, haya ni ya asili kabisa. Hayana kemikali. Ukiyachemsha unaua nguvu yake."

Neno hilo, cha asili, nalisikia kila wiki, na siku hiyo likanifika kooni. Kipindupindu nacho ni cha asili. Minyoo ni ya asili. Salmonela, bakteria wa kuharisha, hajawahi kutengenezwa kiwandani. Ndiyo maana naandika leo badala ya kulala.

Yale ya msingi nayapitia mbio. Kemo inaua seli zinazogawanyika kwa kasi, na uboho ulio ndani ya mifupa ni kiwanda cha seli za namna hiyo, kwa hiyo nyutrofili, seli nyeupe za damu zinazopambana na bakteria, zinashuka. Kwa dripu nyingi za kila wiki tatu zinafika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha zinaanza kupanda. Zikiwa chini ya 500 kwa mikrolita, hata bakteria wa utumbo wa mgonjwa mwenyewe wanaweza kupenya hadi kwenye damu, maana kemo hiyo hiyo imeuchubua utumbo.

Sasa tazameni kalenda hiyo inavyotuchezea. Siku nne za kwanza mgonjwa anatapika, hataki hata harufu ya kitunguu, na hakuna anayemlazimisha. Siku ya nane kichefuchefu kimepungua, anauliza jikoni kuna nini. Nyumba nzima inashangilia. Anachinjiwa kuku, shangazi anatuma zabibu, shemeji anampakia kwenye gari akapunge upepo mnadani Msalato. Hamu ya kula inarudi siku zile zile ambazo ukimpima FBP, kile kipimo cha kuhesabu seli za damu, daktari anakunja uso.

Juisi ndiyo inayoninyima raha kuliko vyote. Nikiizuia naambiwa, "Lakini wewe mwenyewe ulisema ale matunda na mboga." Nilisema, na bado nasema. Ila tunda na juisi ni vitu viwili. Embe zima lina ganda. Ukiliosha, ukanawa mikono, ukalimenya, uchafu uliokuwa nje umebaki nje. (Lioshe kabla ya kulimenya, tafadhali. Kisu kinachopita kwenye ganda chafu kinabeba uchafu hadi ndani.) Juisi mbichi ni kuchukua mizizi iliyolala udongoni miezi kadhaa, ukaongeza majani yaliyomwagiliwa maji ambayo hukuyaona, ukasaga vyote ili kilichokuwa kwenye jani moja kigawiwe glasi nzima. Halafu unaongeza maji. Ya wapi? Halafu unaongeza barafu, ile ya kwenye vifuko. Na msiniambie maji ya kisima chenu yana chumvi kwa hiyo wadudu hawaishi humo. Chumvi ya maji yetu ya Dodoma inaharibu chai na birika, bakteria haiwasumbui.

Na blenda. Nani kati yenu ameshawahi kuifungua chini ya jagi, akatoa ule mpira unaozunguka kisu? Nendeni mkafungue sasa hivi, nawasubiri. Huo utelezi mliouona ndio tunaomsagia mtu asiye na kinga.

Haya yote yanafanywa ili "kuongeza damu". Upungufu wa damu wa mtu aliye kwenye kemo mara nyingi unatokana na uboho uliopigwa, na wakati mwingine saratani yenyewe inavuja damu. Bitiruti haiutibu. Madini yake ya chuma ni machache, na wekundu wake ni rangi tu. Kama rangi ingekuwa damu tungewanywesha rozela wodi nzima, tukafunga benki ya damu, tukaenda nyumbani. Bitiruti yenyewe haina kosa: ichemshe na ganda lake, imenye, mpe. Rozela naipenda kwa sababu inachemshwa, mradi isipoozwe na ile barafu.

Maziwa. Ukiyachemsha yakapanda unapoteza sehemu ya vitamini zisizovumilia moto. Protini ipo, mafuta yapo, kalsiamu ipo. Vinavyokufa ni brusela, vimelea vya TB ya ng'ombe, listeria na wenzao, na kama hiyo ndiyo nguvu mnayoililia, basi mimi nashindwa. Mtindi uliotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa naukubali, na wa pakiti uliotokana na maziwa yaliyopashwa kiwandani pia. Mgando wa kibuyu uliotokana na maziwa mabichi siukubali hata ukiwa mchachu kiasi gani. Uchachu unawapunguza wadudu, hauwamalizi. Najua kwa Mgogo au Mmang'ati haya ni matusi. Bibi yangu mwenyewe asingenielewa.

Lakini tukitaka kuzungumzia sumu za asili, hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka 2016, hapa hapa Dodoma na jirani zetu wa Manyara, watu 68 waliugua na 20 wakafa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Yalikuwa mahindi ya shambani kwao, ya asili kuliko yote mtakayoniletea. Kuvu walikuwa wameota, sumu ikabaki kwenye punje.

Na hapa kanuni yangu ya "chemsha kila kitu" inakatika. Moto wa jikoni unaua bakteria, sumukuvu hauiondoi. Ugali uliosongwa ukaiva vizuri unabaki nayo, na karanga iliyokaangwa inabaki nayo. Ini la mgonjwa wa kemo tayari lina kazi ya kuchakata dawa, na sumukuvu inalipiga ini hilo hilo. Kwa hiyo kwenye karanga naangalia kabla ya moto: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu au uchungu, tupa. Usimpe kuku, usimpe mbwa. Karanga ya kusagwa ya kununua naiogopa zaidi, kwa sababu punje mbovu zikishasagwa huwezi tena kuziona. Ukipenda kuiunga kwenye mlenda, nunua punje, chambua, twanga mwenyewe. (Waingereza walikuja Kongwa kulima karanga kwa matrekta, mwaka 1951 wakafunga virago. Karanga ya huku inataka subira, hata ya kuchambua.)

Sasa nikiri langu. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa natoa karatasi ya makatazo yenye mistari kama thelathini. Hakuna tunda bichi, hakuna asali, hakuna karanga, hakuna cha kununua. Mzee mmoja mtaratibu akaitii yote bila kuuliza swali. Katika mizunguko miwili alipungua kilo sita, dozi ya tatu ikaahirishwa kwa udhaifu. Maambukizi hakupata. Alipata njaa, na aliyempa njaa hiyo ni mimi.

Karatasi yenyewe haikuwa na mizizi mirefu kama nilivyofundishwa. Mwaka 2008 kule Houston, Marekani, lilichapishwa jaribio la wagonjwa 153 wa saratani ya damu ya aina kali: kundi moja lilipewa matunda na mboga zilizopikwa tu, jingine likaruhusiwa mbichi. Maambukizi makubwa hayakutofautiana kwa kiwango cha kutegemea. Mwaka 2023 Waitalia wakaleta wagonjwa 222 waliopandikizwa seli shina, zile zinazozaa seli za damu, na jibu likaelekea huko huko.

Mbona basi bado nakataza juisi ya kwenye chupa? Kwa sababu mboga mbichi za kwenye majaribio hayo ziliandaliwa kwa uangalifu, kwa maji salama, zikaliwa pale pale. Kutoka huko hadi kachumbari ya kibandani iliyokatwa asubuhi ni safari ndefu. Ila sitajifanya kwamba mstari wangu nimeuchora kwa rula. Embe, papai, ndizi na chungwa naruhusu, yakimenywa nyumbani. Zabibu naruhusu zikichambuliwa moja moja kutoka kwenye kishada na kuoshwa kwa maji yaliyochemshwa yanayomiminika, na hata hapo roho inanidunda kidogo. Saladi nazuia wakati kinga iko chini. Wenzangu wengine wananiona mlegevu, wengine wananiona katili, na kuna siku nakubaliana na wote wawili. Asali ya Itigi nimeacha kugombana nayo: mtu mzima wa kemo ya kawaida akitia kijiko kwenye uji simzuii, aliyepandikizwa uboho namzuia, na mtoto chini ya mwaka mmoja hapewi, awe mgonjwa au mzima.

Nisichotilia shaka ni hatari ya hotpoti. Wali umepikwa saa kumi alfajiri, umefungwa ndani ya hotpoti na kanga mbili, unafika wodini saa nane, na mletaji anafunua kwa fahari: "Bado wa vuguvugu!" Hilo vuguvugu ndilo tatizo. Chakula kilichopikwa kikae juu ya nyuzi 60 au chini ya nyuzi 5, na katikati ya hapo kisizidi saa mbili. Kwenye mchele kuna bakteria anayejificha kama mbegu, haogopi kuchemshwa, na wali ukipoa polepole anaamka na kutoa sumu. Kuupasha tena hakusaidii, maana ile sumu haisikii moto. Kwa hiyo acheni wali wa safari. Leteni mchele mbichi na pesa ya mkaa, upikwe jirani na hospitali.

Kwa wanaorudi kutoka Dar baada ya dripu: njiani, yai la kuchemsha ni chakula kizuri mno, mlimenye wenyewe. Ile kachumbari wanayolipachika katikati kwa kisu ndiyo siitaki. Mishikaki iliyoiva hadi ndani na iliyotoka motoni sasa hivi, sawa. Mnadani nyama choma ikiiva haina shida, shida ni ubao uliokatiwa nyama mbichi dakika tano zilizopita, na ile chumvi ya kuchovya ambayo meza nzima mmeingiza vidole. Ombeni sahani yenu. Tikiti lililokatwa vipande kando ya barabara, hapana.

Na joto la mwili likifika 38, usimpe panadoli ukangoja asubuhi. Panadoli inaficha homa, haimtibu. Mpeleke hospitali usiku huo huo, useme mlangoni kabisa kwamba yuko kwenye kemo. Mengine yote niliyoandika mnaweza kubishana nami, hili sibishani.

Yule mama wa Kondoa? Nilimpigia hesabu kwenye vidole. Baadhi ya bakteria, wakipata joto wanalolipenda, wanajizidisha mara mbili kila dakika 20, na maziwa yake yalikuwa yamekaa saa nane tangu yakamuliwe. Alinyamaza kidogo. Akauliza, "Basi arudi mikono mitupu mtu aliyetoka mbali hivi?" Swali hilo hawakunifundisha chuoni. Nikamwambia maziwa yaliyokaa saa nane hata kuyachemsha sasa hakunipi amani, ila kwa mama lishe wa nje ya geti kuna uji wa ulezi unaotokota, na mayai. Tukatelemka pamoja. Chupa yake ya chai tukaisuuza kwa maji ya moto, uji ukaingia ukiwa bado unachemka. Maziwa aliyamwaga kwenye mzizi wa mwarobaini huku akisonya. Juisi akainywa mwenyewe pale pale akiwa amesimama, akaniambia sijui ninachokosa.