Kabla ya kuiga kanuni ya mastaa ya Marekani

Kila dirisha la usajili likifunguliwa, vijiwe vya Kariakoo hurudia ubishi ule ule: wachezaji wa kigeni 12 kwa klabu wanatosha, wapunguzwe, au tufungue milango? Wapo wanaosema tuige tu kanuni ya mastaa ya MLS, ligi kuu ya soka ya Marekani. Hoja inasikilizika, ila wengi wanaoitoa wanadhani ile ni kanuni ya wageni. Siyo. Clint Dempsey, mzaliwa wa Texas, alisajiliwa Seattle Sounders mwaka 2013 kwa nafasi hiyo hiyo ya staa. Wageni wana hesabu yao nyingine.

Kinachobanwa kule ni mshahara. Kila klabu ya MLS ina kikomo cha bajeti ya mishahara. Mwaka 2007, David Beckham alipotua LA Galaxy, klabu ziliruhusiwa kuwa na mchezaji mmoja wa kuvuka kikomo, ndiye staa, ziada ikitoka mfukoni mwa mwenye timu. Mwaka 2010 nafasi zikawa mbili, ya tatu ikipatikana kwa kulipia.

Chukua msimu wa 2024. Bajeti ilikuwa dola 5,470,000 kwa wachezaji wakuu wasiozidi 20, na staa mmoja alihesabiwa dola 683,750 tu. Lionel Messi wa Inter Miami alikuwa akilipwa zaidi ya dola milioni 20 kwa mwaka, lakini kwenye daftari la ligi alisomeka kwa hizo 683,750. Mastaa watatu wa kiwango hicho wanakula 2,051,250. Zinazobaki, wakigawana wenzao 17, ni kama dola 201,000 kwa kichwa. Hapo ndipo beki wa kulia na kipa wa akiba wanapolipia jina la mtu mwingine, jambo ambalo mashabiki hatupendi kulisikia.

Katikati ya msimu huo kanuni ikabadilishwa: klabu ichague mastaa watatu na vijana watatu wa mpango wa chini ya miaka 22 (nao huhesabiwa kwa punguzo), au mastaa wawili, vijana wanne na fungu la nyongeza lisilozidi dola milioni 2. Kwa hiyo ukisikia pendekezo jipya, uliza kwanza linagusa nini: idadi ya mastaa, kiasi wanachohesabiwa, au nani analipa ziada.

Kwetu ugumu uko kwingine. Kule mchezaji anasaini na ligi yenyewe, hivyo ligi inajua senti ya mwisho, na chama cha wachezaji huchapisha mishahara hadharani. Hapa mchezaji anasaini na klabu, na dau la staa wa Simba au Yanga tunalisikia kwa tetesi za redio. Wageni 12 unawahesabu kwa pasipoti zao. Mshahara huwezi kuuwekea kikomo kama hujauona. Kwa maoni yangu, kabla ya kuzungumzia nafasi za mastaa, klabu za Ligi Kuu zitakiwe kutangaza kila msimu jumla ya mishahara iliyokaguliwa, hata bila majina.