Sangara wa sentimita 50 huenda bado hajazaa

Ukisimama mwaloni, yaani pale boti za wavuvi wa Ziwa Victoria zinapotia nanga, alfajiri zikiingia, utasikia mengi kuhusu sangara, na yote yanasemwa kwa uhakika. Mengine ni kweli tupu, maana mtu anayelala majini usiku kucha anaona mambo ambayo aliyeko ofisini hayaoni. Mengine yamerudiwa mpaka yakawa kama sheria ya ziwa, na hayo ndiyo yanayotumalizia samaki. Nayachukua yale ninayoyasikia mara nyingi zaidi, nikianza na lile ambalo kwa maoni yangu lina madhara kuliko mengine yote.

"Akigusa 50 kwenye rula, ameshazaa. Mvue."

Tanzania, Kenya na Uganda zilikubaliana kipimo cha sangara kiwe sm 50 hadi 85. Watu wengi wameelewa kwamba sm 50 ni kama cheti cha uzazi: samaki akifika hapo, kazi yake ziwani imekwisha. Sivyo. Kwenye urefu huo dume ndiye anayekaribia kukomaa. Jike huchelewa sana. Wengi hawaanzi kutaga kabla ya kupita sm 60, na wapo wanaozidi 70 bila kutaga hata mara moja.

Fikiria sasa tenga la sangara wa sm 52, wote wamepimwa, wote halali. Afisa uvuvi akilikagua hana la kusema. Lakini majike waliomo humo huenda hakuna hata mmoja aliyeacha mayai ziwani. Mvuvi hajavunja sheria na bado ziwa limepoteza kizazi. Kwa hiyo sm 50 ni mpaka wa chini kabisa, wala si alama ya kwamba samaki ameiva. Anayetumia makila, yaani nyavu za kutega, zenye macho makubwa kuliko yanayodaiwa na sheria analitendea ziwa wema ambao rula haiwezi kuupima.

Ule mpaka wa juu wa sm 85 nao haukuwekwa kwa kubahatisha. Sangara anaweza kufika urefu wa mita mbili na uzito wa kilo 200, na jike mkubwa hubeba mamilioni ya mayai kwa mara moja. Majike kadhaa wadogo wanaoanza kutaga hawamfikii mama mmoja wa namna hiyo.

"Mabondo yanaenda kutengenezwa nyuzi za kushonea wagonjwa."

Hili la mabondo, yaani vibofu vya hewa vilivyo tumboni mwa sangara, nimelisikia tangu utotoni, na wanaolisema hawana nia mbaya. Kila mtu hujiuliza kwa nini kitu kilichokuwa kikitupwa kimegeuka kuwa dhahabu. Jibu ni jikoni. Mabondo yaliyokaushwa husafirishwa hadi China na Hong Kong, ambako hupikwa supu ya watu wenye uwezo, na kule huhesabiwa kuwa chakula cha heshima na cha afya. Zamani pia bondo la samaki lilitumika Ulaya kuchujia bia na divai.

Kwa nini nalileta kwenye habari za kulinda samaki? Kwa sababu bei ya bondo hupanda kwa ukubwa. Kilo ya mabondo makubwa na kilo ya madogo ni bei mbili zisizokutana. Na bondo kubwa liko ndani ya sangara mkubwa, yuleyule mama wa mamilioni ya mayai. Zamani mvuvi aliyempata angeweza kusema minofu yake ni migumu na kiwanda hakimtaki sana. Leo bondo lake pekee linaweza kuwa na thamani kuliko mwili mzima. Mpaka wa juu kwa hiyo unasukumana na fedha taslimu kila siku, na sidhani tutaulinda kwa kuwahubiria wavuvi huku biashara ya mabondo ikiachwa bila kufuatiliwa kwa karibu: nani ananunua, ya ukubwa gani, kutoka mwalo upi.

"Wakubwa wanakula wadogo, kwa hiyo kuwatoa ni kuwasaidia wadogo."

Ni kweli sangara hula watoto wake. Hilo lilionekana wazi miaka ya 1980 furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, walipopungua na sangara akakosa chakula alichozoea. Lakini mtoto wa sangara hukua kwa uduvi wa ziwani, na mkubwa anakula furu na dagaa pia. Hakai akisubiri wanawe. Ukimtoa mama ili kumwokoa mtoto, mtoto wa mwaka ujao atatagwa na nani?

"Huyu ni mgeni, alimaliza furu wetu. Acha aishe."

Haya husemwa na watu wanaolipenda ziwa, na sehemu ya kwanza ni sahihi. Kwao sangara ni mto Nile na maziwa kama Albert na Turkana. Maporomoko ya Murchison yalimzuia kupanda mpaka Victoria, hadi watu walipompandikiza miaka ya 1950. Alikaa kimya karibu miaka 30, kisha miaka ya 1980 akalijaza ziwa, na aina nyingi sana za furu ambazo hazipatikani popote pengine duniani zikatoweka. Nalionea uchungu hilo. Lakini furu aliyekwisha kabisa harudi kwa sangara kuisha, na wale waliobaki wameanza kuongezeka upya sehemu ambako sangara amevuliwa sana. Katikati ya hayo kuna viwanda vya minofu vya Mwanza, Kisumu na Entebbe, kuna wabeba mizigo, wauza barafu, mafundi boti na akina mama wa mapanki, yaani mifupa inayobaki minofu ikitolewa. Kumvua kwa kiasi kunampa nafasi furu na kunailisha familia.

"Ziwa ni kubwa mno, samaki hawawezi kuisha. Wakifa wengi, basi kuna aliyetia sumu."

Victoria lina karibu kilomita za mraba 69,000, ila ni ziwa la kina kifupi: wastani ni kama mita 40. Sangara anahitaji hewa nyingi majini kuliko samaki wengine wengi wa humo. Kipindi cha joto maji ya chini hukosa hewa, na eneo analoweza kuishi hubana. Upepo mkali ukiyavuruga maji hayo yakapanda, sangara hufa kwa wingi huku sato na kambale wakiwa hai. Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 sangara wengi walielea wamekufa upande wa Uganda na Kenya, na minong'ono ya sumu ilienea haraka. Serikali ya Uganda ilieleza kwamba tatizo lilikuwa upungufu wa hewa majini. Anayetaka kuupunguza mkasa huo aanze na maji machafu ya mijini na mbolea inayotiririka kutoka mashambani, maana ndivyo vinavyolisha mwani unaooza na kuimaliza hewa.

"Kokoro linavua vidogo tu, halina hasara."

Kokoro ni wavu wa kukokota, na hivyo vidogo ndivyo sangara wa kesho. Watoto wa sangara hukaa kwenye maji mafupi ya ghubani, karibu na majani, yaani palepale kokoro linapoburutwa. Timba, wavu wa uzi mmoja wa plastiki, nayo hukamata usiku na mchana, na ikikatika huendelea kuua bila mwenyewe.

"Tatizo litakwisha siku serikali ikichoma nyavu zote."

Tanzania ilikuwa na Operesheni Sangara mwaka 2018. Uganda iliingiza jeshi ziwani mwaka 2017. Samaki waliongezeka kwa muda sehemu fulani, hilo lisemwe. Lakini kuna watu waliopoteza mitaji na wengine waliolalamika kupigwa, na nyavu haramu zilirudi, kwa sababu aliyechomewa timba yake bado alikuwa na watoto wa kulisha na makila ni ghali. BMU, yaani kikundi cha wanajamii cha kusimamia uvuvi mwaloni, yenye wajumbe wanaoaminika mwaloni, isiyonunulika na tajiri wa boti, hufika mahali ambapo boti ya doria haifiki. Tumeziunda kwa wingi, kisha tumeziacha bila fedha.

"Wavuvi wa burudani wanachezea chakula cha watu."

Ni wachache, na kwa kawaida huvua kwa kibali. Kwenye Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo uvuvi wa biashara umekatazwa, na maji yake ni mazalia ambayo wavuvi wa nje ya mpaka hunufaika nayo. Mgeni huvua kwa ufito na ndoano, hupima, hupiga picha na mara nyingi huachia. Kosa lao hutokea wanapomvuta samaki haraka kutoka kina kirefu: hewa iliyomo ndani ya bondo hutanuka, naye akirudishwa majini huelea kiubavu na kufa. Kuvua kwenye maji mafupi, kutumia ndoano isiyo na kijino cha nyuma na kutomning'iniza hewani hubadilisha matokeo kabisa.

"Wanaomaliza sangara ni viwanda na wavuvi. Sisi walaji hatuna neno."

Sangara mchanga hapiti kirahisi kiwandani. Anakaangwa mtaani, anabanikwa, au anatiwa chumvi awe kayabo na kuvuka mpaka hadi Congo. Yule sangara mzima anayeenea kwenye sahani pamoja na ugali wake ana sm 30 hivi.