Unamtafuta babu Mbelgiji? Anza na ndoa, sio kuzaliwa

Wengi wanaoniandikia wanakuja na vitu viwili tu, jina la ukoo na neno Ubelgiji. Kuna wa Lubumbashi, Bukavu, Bujumbura, Kigali, wenye babu aliyekuja enzi za ukoloni kufanya kazi migodini au relini au serikalini, akazaa, akarudi kwao na habari zikaishia hapo. Mimi kazi yangu ndio hii ya kufukua nasaba, na nawaambia wote hivi: jina la ukoo lisikushughulishe sana mwanzoni, tafuta manispaa aliyozaliwa.

Kwa nini manispaa? Kwa sababu kule vitabu vya zamani vya kuzaliwa, ndoa na vifo havikuwa vya nchi nzima, kila manispaa iliandika vyake, na utaratibu huo wa serikali umeanza 1796 baada ya Wafaransa kuichukua nchi. Halafu mji mmoja una majina mawili, Mons ndio Bergen, Liège ndio Luik, Tournai ndio Doornik, kwa hiyo usije ukadhani babu alihama kumbe karani kabadilisha lugha tu. Na majina ya ukoo nayo hayatulii, ndani ya familia moja utakuta Declercq, De Clerck na De Klerck, baba na watoto wake.

Kama babu alikuwa mtumishi wa koloni, faili lake la kazi ndio njia fupi, maana linataja alikozaliwa. Makaratasi ya koloni yalikuwa wizara ya mambo ya nje, sasa yamehamishiwa Hifadhi ya Taifa ya Ubelgiji pale Brussels.

Sasa ukishapata manispaa, watu wote wanakimbilia cheti cha kuzaliwa. Mi nasema hapana, nenda kwenye ndoa ya wazazi wake. Kuna faharasa ya kila miaka kumi, majina kwa alfabeti, unatafuta humo, unapata tarehe, unafungua kitabu chenyewe. Cheti cha kuzaliwa kitakupa baba na mama basi, ila cheti cha ndoa cha karne ya 19 kina familia nzima. Chukua mfuma nguo wa mkoa wa Flanders Magharibi miaka ya 1840 anayeoa: utasoma umri wake, kazi, siku na mahali alipozaliwa, anakoishi, kisha baba yake, kama yupo ameridhia na kama amefariki basi amefariki wapi na lini, na mama yake hivyohivyo, halafu bibi harusi naye anaandikwa vivyo hivyo. Chini kuna mashahidi wanne na umri wao na undugu wao na maharusi, na mwisho karani anaandika nani kashindwa kusaini kwa kuwa hajui kuandika. Mwanamke anaandikwa kwa jina la kwao mpaka kaburini, yaani upande wa bibi haukupotei kabisa, hii naipenda kuliko kitu chochote kwenye rekodi zao!

Na bado. Nyuma ya ndoa kuna bahasha ya viambatanisho, nakala za kuzaliwa kwa wote wawili, cheti cha jeshi cha bwana harusi, vyeti vya vifo vya wazazi, na wazazi wakiwa wameshafariki sheria ilitaka idhini ya babu na bibi, nao wakiwa wamekufa vinaletwa vyeti vyao vya vifo. Ndoa moja unapanda vizazi viwili bila kuhama meza. Halafu unaenda ndoa ya wale wazazi, unapanda tena.

Utafika miaka ya Wafaransa utakuta tarehe za ajabu, miezi inaitwa Brumaire, Germinal, hiyo ni kalenda ya mapinduzi ya Ufaransa na iliisha mwanzoni mwa 1806. Tumia kikokotoo cha onlaini, 18 Brumaire mwaka VIII ni 9 Novemba 1799.

Kabla ya 1796 ni vitabu vya parokia. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ndio uliowaagiza mapadre mwaka 1563 waandike ubatizo na ndoa, ingawa parokia nyingi vilivyobaki ni vya karne ya 17. Mara nyingi ni Kilatini, hivyo Joost anakuwa Judocus na Gillis anakuwa Egidius. Wasome wasimamizi wa ubatizo kwa makini, mara nyingi ni babu, shangazi, mjomba.

Vingi vimeskaniwa, unafungua akaunti kwenye tovuti ya Hifadhi ya Taifa au FamilySearch na unasoma bure. Vya karibuni vimefungwa, miaka 100 kwa kuzaliwa, 75 kwa ndoa, 50 kwa vifo, ila mjukuu wa damu anaweza kuomba nakala manispaa. Kuna vilivyoteketea pia, mji wa Ieper Novemba 1914 kwenye vita ya kwanza ya dunia, Mons kwa mabomu Mei 1940 kwenye ya pili. Ukiambiwa kitabu kimeungua uliza nakala ya pili, kila kitabu cha serikali kiliandikwa mara mbili, kimoja cha manispaa, kingine cha mahakama.

Wale ambao mama au bibi yenu alichukuliwa kwa mama yake akapelekwa misheni kama Save ya Rwanda au Katende ya Kongo kwa sababu baba alikuwa mzungu, hamuombi hisani. Bunge la Ubelgiji lilipitisha azimio kuhusu watoto hao 2018, waziri mkuu Charles Michel akaomba radhi Aprili 2019, na Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels ikasema ule utekaji ulikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Hifadhi ya Taifa ina watu wanaoshughulikia maombi yenu. Watoto wengi walibadilishwa majina, kwa hiyo kwenye barua weka kila jina alilowahi kuitwa, jina la mama mzazi na kijiji chake, misheni, na mwaka hata wa kukisia.