Jiwe la figo likitoka, usilitupe: aina yake ndiyo inayoamua kinga

Mgonjwa akishapona yale maumivu yanayoanzia ubavuni kwa nyuma na kushuka hadi kinenani, swali lake la kwanza huwa: "Sasa nisile nini?" Ni swali la msingi, ila halina jibu moja. Mawe ya figo yana aina kadhaa, na ushauri unaomfaa mwenye aina moja unaweza kumkuzia jiwe mwenye aina nyingine.

Aliyewahi kufika kwenye mashamba ya chumvi ya Bagamoyo au Gongoni ameshaona jinsi jiwe linavyoanza. Maji ya bahari yanapunguzwa na jua mpaka yanashindwa kuibeba chumvi iliyomo, nayo inaanza kuganda chembe kwa chembe. Mkojo nao umebeba kalsiamu, oksaleti (kemikali iliyomo kwenye baadhi ya mboga na karanga), fosfeti na asidi ya yuriki. Maji yakiwa machache, au madini yakizidi, fuwele hutokea. Nyingi hutoka na mkojo bila mwenyewe kujua. Shida huja zinapopata pa kujishikiza, na mara nyingi ni kwenye vidoa vya kalsiamu vilivyoota kwenye ncha za ndani za figo, ambavyo daktari wa upasuaji wa Marekani, Alexander Randall, alivieleza katika miaka ya 1930. Zikishanasa hapo, huongezeka tabaka juu ya tabaka.

Wapo wanaodhani jiwe hutokana na kokoto za kwenye mchele, lakini hazihusiki kabisa. Hizo hupita tumboni na kutoka na choo. Hazina njia ya kufika kwenye figo.

Takriban mawe 8 kati ya 10 ni ya kalsiamu, na mengi ya hayo ni kalsiamu oksaleti: magumu, ya kahawia, mengine yenye miba midogo inayokwaruza mrija wa mkojo na kuleta damu kwenye mkojo. Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi. Wakisikia "kalsiamu" wanaacha maziwa, kumbe wanajiharibia. Kalsiamu ya chakula hukutana na oksaleti ndani ya utumbo, vikashikana na kutoka pamoja na choo. Ukiiondoa kalsiamu mezani, oksaleti inabaki huru, inaingia kwenye damu na kuishia kwenye figo. Mtu mzima anahitaji miligramu 1,000 hadi 1,200 za kalsiamu kwa siku, na glasi moja ya maziwa au mtindi hutoa kama 300. Vidonge vya kalsiamu ni habari nyingine: usivianze bila kumuuliza daktari, na kama umeandikiwa, kwa kawaida hunywewa pamoja na chakula.

Mchicha na spinachi zina oksaleti nyingi. Karanga na korosho pia zinayo. Huna haja ya kuukimbia mchicha maisha yako yote. Uchemshe kwenye maji mengi, umwage yale maji, kisha uunge. Sehemu kubwa ya oksaleti inayoyeyuka inaondoka na maji hayo. Ukiula na mtindi au maziwa mlo huohuo, unapunguza tena kiasi kinachofyonzwa. Mboga iliyokaangwa moja kwa moja bila kuchemshwa inabaki na oksaleti yake karibu yote.

Adui anayesahaulika ni chumvi. Sodiamu ikiwa nyingi, figo humwaga kalsiamu nyingi zaidi kwenye mkojo. Kipimo cha siku nzima kisizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, pamoja na ile iliyo ndani ya mkate, chipsi na viungo vya mchuzi vya pakiti. Magadi ya kulainishia maharage nayo ni sodiamu. Na vidonge vya vitamini C vya gramu 1 au zaidi kila siku havimfai mwenye mawe haya, kwa kuwa mwili hugeuza sehemu yake kuwa oksaleti.

Mawe ya kalsiamu fosfeti ni machache zaidi. Hupenda mkojo usio na asidi, kwa hiyo yakijirudia daktari hutafuta hitilafu ya figo kushindwa kutoa asidi, au tezi za paradundumio (tezi ndogo za shingoni zinazodhibiti kalsiamu) zinazofanya kazi kupita kiasi.

Jiwe la asidi ya yuriki lina tabia ya kinyume: hukua mkojo ukiwa na asidi kali, pH (kipimo cha asidi, ambacho hushuka asidi ikizidi) chini ya 5.5. Huwapata zaidi wenye jongo, kisukari na unene uliozidi. Ni la rangi ya njano au chungwa, na kwenye eksirei ya kawaida halionekani, hivyo mtu huambiwa "huna kitu" huku anaumia. CT skani hulionyesha. Ultrasaundi pia inaweza. Uzuri wake ni kwamba mara nyingi huyeyushwa kwa dawa. Potasiamu sitreti hupandisha pH hadi kati ya 6.5 na 7, na jiwe likapungua taratibu. Ikipita 7, unafungua mlango wa mawe ya fosfeti, ndiyo maana mkojo hupimwa mara kwa mara. Mwenye figo dhaifu asiitumie bila usimamizi, maana potasiamu ikizidi kwenye damu huvuruga mapigo ya moyo. Bia, ambayo wengi hushauriana kuinywa "kusukuma jiwe", ina purini zinazoongeza asidi ya yuriki.

Mawe ya maambukizi huitwa struvaiti. Bakteria kama Proteus huvunja yurea na kuufanya mkojo upoteze asidi, kisha jiwe hukua haraka, likijaza figo kwa matawi. Wanawake huyapata zaidi. Antibiotiki peke yake haitoshi, kwa sababu bakteria wamejificha ndani ya jiwe. Ni lazima liondolewe lote. Jiwe la sistini (moja ya viini vinavyounda protini) ni la kurithi na ni nadra, lakini mtoto au kijana mwenye mawe yanayojirudia apimwe.

Kwa aina zote, lengo ni kukojoa angalau lita 2 hadi 2.5 kwa siku, na kwenye joto la Dar es Salaam, Mombasa au Muscat utahitaji kunywa zaidi ya lita 3. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo zilizochoka aulize kwanza. Kujipima si kazi: mwaga mkojo wa kwanza wa asubuhi, kisha kusanya wote kwenye dumu safi la lita 5 pamoja na ule wa kwanza wa kesho yake. Usisahau glasi moja ya maji kabla ya kulala, kwani mkojo wa usiku ndio mzito.

Jiwe lisilofika milimita 5 kwa kawaida hutoka lenyewe. Likizidi 10 ni nadra kutoka bila msaada. Homa na kutetemeka, mkojo kukata kabisa, au maumivu kwa mjamzito au mwenye figo moja: nenda hospitali saa hiyohiyo.

Kama unalisubiri nyumbani, kojolea kwenye chombo kisha pitisha mkojo kwenye chujio la chai lenye matundu madogo, kila mara, usiku na mchana. Hata chembe inayolingana na punje ya mtama inatosha. Isuuze, ikaushe, iweke kwenye kichupa kikavu bila maji wala spiriti, andika jina na tarehe, na umwombe daktari aipeleke maabara ikachambuliwe.